Baiskeli Isiyo na Matairi

Kila Jumamosi asubuhi Miriamu alishuka ziwani na ndoo yake kuchota maji. Wakati wa kurudi alipita mbele ya nyumba ya Mzee Wanzagi, msukaji wa matenga ya samaki, na kila Jumamosi alimkuta mzee huyo akifanya kazi ileile. Mzee alikuwa akiishusha baiskeli iliyoning'inia kwa kamba kwenye boriti ya baraza, anaiegemeza ukutani, kisha anaipaka mafuta kuanzia usukani mpaka pedali. Akimaliza anaipandisha tena juu.

Baiskeli yenyewe haikuwa na matairi. Ilikuwa na ringi tupu, mbele na nyuma.

Miaka hiyo vitu vilikuwa adimu. Sabuni ilikuwa adimu, akina mama wakafua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Mafuta ya kulainisha mashine nayo hayakuonekana, kwa hiyo Mzee Wanzagi aliipaka baiskeli yake mafuta ya sangara. Paka wote wa mtaa wa Kamunyonge waliijua baiskeli hiyo. Walikaa chini ya boriti wakiitazama kama wanaosubiri ianguke.

"Babu Wanzagi," watoto walimwita kutoka barabarani, "utafika Bunda lini?"

Mzee aliendelea kupaka mafuta. Miriamu naye, akiwa na ndoo kichwani, alikuwa akicheka kidogo, mkono mdomoni.

Jumatatu moja Mwalimu Selestina aliingia darasa la tano akiwa na uso wa habari njema. Alingoja mpaka wote wakae.

"Kutakuwa na mkutano wa shule kule Butiama," alisema. "Shule za Musoma, za Bunda na za vijijini zitakutana kusimuliana hadithi. Lori la kubebea pamba litatuchukua. Lakini dizeli ni ya shida, na lori lina watu wengi. Darasa letu tumepewa nafasi moja."

Darasa zima likanguruma. Butiama! Kwa lori! Miriamu hakuwahi kupanda lori maishani mwake. Alikuwa ameyaona yakipita na watu juu ya mizigo, nguo zao zikipepea, naye alikuwa akisimama kando ya barabara mpaka vumbi litulie.

"Nafasi hiyo ataipata nani, mwalimu?" aliuliza Mseti, mvulana aliyekaa nyuma ya Miriamu.

"Atakayetuletea hadithi nzuri ya mtu wa mtaani kwake. Si hadithi ya sungura, wala ya fisi. Mtu wa kweli, aliye hai, mnayempita kila siku. Mtaenda kumuuliza mambo yake, na wiki ijayo mtasimulia hapa mbele."

"Hiyo imekwisha," Mseti alimnong'oneza Miriamu mgongoni. "Mjomba wangu alipigana vita vya Kagera. Wewe utasimulia nini, mama yako anavyokaanga samaki?"

Miriamu hakugeuka. Tayari alishajua hadithi yake iko wapi. Ilikuwa inaning'inia kwenye boriti.

Jioni hiyohiyo aliandika maswali yake kwenye karatasi. Aliyapanga kama alivyosikia watu wakiulizwa dirishani kwenye ofisi: jina, umri, kabila, kazi. Alipomaliza alikwenda kwa Mzee Wanzagi, karibu akikimbia njia nzima.

Mzee Wanzagi alikuwa amekaa kwenye kigoda, fito zimelala magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Miriamu alisimama palepale alipofika, karatasi mkononi. "Jina lako kamili nani?"

Mzee aliinua macho.

"Una miaka mingapi?" Miriamu aliendelea, penseli tayari. "Una watoto wangapi?"

"Watoto wa watu hawahesabiwi, we binti," mzee alisema polepole. "Hata ng'ombe hawahesabiwi hivyo. Nani kakutuma?"

Miriamu aliona mambo yanaharibika, akaruka mpaka swali alilolitaka zaidi. "Na hii baiskeli ilinunuliwa wapi, na bei yake ilikuwa gani?"

Mzee alisimama. Alikuwa mrefu sana, kichwa chake kikikaribia ringi za baiskeli.

"Ahaa. Kamwambie aliyekutuma kwamba siuzi. Siuzi mnyororo, siuzi kengele, siuzi hata spoki moja. Sasa mmeanza kutuma watoto." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Miriamu alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Mama yake alikuwa jikoni akiparua magamba ya sato. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha, badala ya kumpa pole, akacheka.

"Unanicheka, mama?"

"Nacheka jinsi ulivyomwendea. Kaa hapa, shika huu mkia." Mama aliendelea kuparua. "Mwanangu, mwaka ule wa msako wa walanguzi, watu walikuwa wanaingia majumbani na karatasi. Hiki ulikipata wapi, kile ulikinunua kwa nani. Watu wakaogopa mpaka wakatupa vitu ziwani. Leo wewe unamtokea mzee wa watu na karatasi na penseli. Atafikiri nini?"

"Lakini mimi ni mtoto tu, mama."

"Ndiyo, na walanguzi wa vipuri wanatuma watoto. Kila mtu aliyeharibikiwa baiskeli mji huu ameshabisha hodi pale. Wote wanauliza bei." Mama akamgeuza sato upande wa pili. "Mtu si duka, Miriamu. Dukani unauliza bei, unaondoka. Mtu unakaa naye. Unamsaidia kazi. Unatazama. Swali lenyewe utaliona likija."

"Na lisipokuja?"

"Basi utakuwa umejifunza kusuka tenga."

Kesho yake Miriamu aliiacha karatasi nyumbani. Alifika barazani kwa Mzee Wanzagi, akasalimia, akapiga magoti kidogo.

"Babu, jana nilikukosea. Hakuna aliyenituma kuuliza bei. Nisamehe. Nimekuja nikusaidie kulowanisha fito."

Mzee alimtazama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuuliza vibaya."

Mzee alisukuma karai la maji kwa mguu mpaka likamfikia Miriamu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Siku hiyo hawakuongea zaidi ya "nipe huo" na "huo umekauka". Siku iliyofuata vivyo hivyo. Miriamu alijifunza kwamba fito isiyolowa vizuri hukatika kwenye kona, na kwamba mzee akifika kwenye kona hapendi kusemeshwa. Alingoja kona ziishe. Lakini ndani yake alikuwa kama maji yanayotaka kuchemka. Nyumbani alimwambia mama, "Leo amenipa kipande cha muhogo."

"Ahaa," mama alisema, "sasa unakaribia."

Ilipofika Jumamosi Mzee Wanzagi aliishusha baiskeli, na safari hii Miriamu alikuwa karibu nayo. Aliitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kutoka barabarani mtu aliona ringi tupu tu, akacheka, akapita. Kwa karibu kulikuwa na mambo mengine. Kwanza, kiti. Kilikuwa kimeshushwa chini kabisa, mpaka mwisho. Mzee mwenye miguu mirefu kama ile angekikalia, magoti yangemgonga kidevu. Pili, kwenye ringi ya nyuma kulikuwa na wavu mdogo uliosukwa kwa nyuzi za kuvulia, umefungwa pande zote mbili kufunika spoki.

Miriamu aliugusa wavu ule. Alikumbuka siku kanga ya mama yake iliponaswa kwenye gurudumu la baiskeli ya baba mdogo, ikachanika yote. Wavu huu ulikuwa wa kuzuia kanga.

Na hapo swali likaja lenyewe, kama mama alivyosema.

"Babu," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni nani alikuwa akiipanda?"

Kitambaa cha mafuta kilisimama usukanini. Paka mmoja alisogea, akajaribu kulamba pedali, na mzee hata hakumfukuza.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "hakuna aliyeniuliza hilo."

Miriamu alitamani kuuliza mengine kumi papo hapo, lakini aliona hii ni kona, na kwenye kona mzee haongeleshwi.

"Mke wangu," mzee alisema. "Eufrasia. Alikuwaga mkunga. Wakati huo tulikuwaga tunakaa kule Buswahili, ndani ndani, mashambani. Zahanati iko huku, akina mama wako kule, na katikati ni mbuga na mito. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kubebea samaki. Siku moja akaniambia, 'Baba, nifundishe hiyo kitu.'"

"Ulimfundishia wapi, babu?"

"Kwenye malisho ya ng'ombe, alfajiri, watu wasione." Mzee alianza kutabasamu, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. "Siku ya kwanza nilimshika kiti kwa nyuma, nikamwachia. Akaenda, akaenda, nami namwambia kata kona. Hakukata. Akaingia kwenye lundo la samadi, mzimamzima."

Miriamu alicheka. "Alisema nini alipoinuka?"

"Aah." Mzee alitikisa kichwa. "Alinitazama, samadi mpaka kwenye nyusi. Akasema, 'Angalau ni laini. Nisukume tena.'"

Sasa walicheka wote wawili, mpaka mtu aliyekuwa akipita barabarani akageuka kutazama, kwa maana hakuna aliyewahi kumsikia Mzee Wanzagi akicheka.

"Na watu wa kijijini walisemaje, babu? Mwanamke kwenye baiskeli?"

"Wanaume walinicheka. Waliniuliza pale kwenye pombe, 'Wanzagi, mkeo akipanda baiskeli, maji atachota nani?' Nikawajibu, nitachota mimi."

"Ukachota?"

"Nikachota. Na ndoo kichwani, na wao wanatazama. Mara ya kwanza niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Halafu mke wa yule aliyecheka zaidi akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Unajua alikimbilia wapi? Alikimbilia mlangoni kwangu. Eufrasia akapanda baiskeli, akapiga kengele. Tangu siku hiyo, wakisikia ile kengele, hata ng'ombe walikuwa wanaondolewa njiani."

Mzee alinyoosha kidole gumba akaigusa kengele. *Kriing*. Ililia safi, kwa mafuta yale yote ya sangara. Miriamu alisisimka mikono mizima. Aliiona barabara ya Buswahili na mama mfupi akija kwa kasi, kanga yake salama kwenye wavu.

Kisha mzee akaondoa kidole kwenye kengele. Macho yake yalikuwa kwenye ringi. Miriamu alijua swali lililobaki. Kamunyonge nzima ililijua. Lakini aliona mikono ya mzee inakunja na kukunjua kitambaa.

"Babu," aliuliza, "tuendelee, au tukomee hapa?"

"Tuendelee," mzee alisema. "Nikianza nimalize."

Akamwambia. Eufrasia aliugua ghafla, na mzee akampakia kwenye keria ili ampeleke hospitali Musoma. Kabla ya kufika barabara kubwa, tairi ikapasuka. Hakukuwa na gari, hakukuwa na mtu. Alimsukuma kwa miguu njia yote iliyobaki. Walifika, lakini walichelewa.

"Watu wanafikiri matairi yameisha kwa sababu ya shida ya vitu," mzee alisema. "Niliyavua kwa mkono wangu. Sikurudi Buswahili. Sikuweza kuitazama ile njia."

Miriamu alichukua kitambaa kutoka mkononi mwa mzee, akaendelea kupaka mafuta pale alipoishia. Walikaa hivyo mpaka baiskeli ikang'aa.

"Babu, niliambiwa nisimulie darasani," alisema baadaye. "Lakini haya ni yako. Kipi nikiseme, na kipi nikiache?"

"Sema alikuwa anapanda," mzee alijibu. "Sema samadi. Sema kengele. Ile njia ya mwisho," akavuta pumzi, "ile niachie mwenyewe."

Siku ya kusimulia, Mseti alitangulia. Alipiga risasi kwa mdomo, akaanguka chini, akaangusha ndege ya adui na dawati la mtu. Darasa lilipiga makofi mpaka Mwalimu Selestina akagonga meza.

"Mjomba wako alikuwa nani hasa huko vitani?" mwalimu aliuliza. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa... askari, mwalimu."

"Ulipomuuliza, aliogopa nini zaidi?"

Mseti alikuna shingo. "Sikumuuliza yeye. Nilijua tu."

Ikafika zamu ya Miriamu. Alipotaja baiskeli ya Mzee Wanzagi, watoto walianza kuguna na kusukumana. Alipofika kwenye samadi walikuwa wanacheka kwa nguvu. Alipofika kwenye ndoo ya maji kichwani mwa mwanamume wakanyamaza, na alipoiga kengele hakuna aliyepumua.

"Basi matairi yako wapi?" Mseti aliuliza kutoka nyuma. "Hadithi yako haijaisha."

Macho yote yakamgeukia Miriamu. Alijua jibu. Alijua pia kwamba akilitoa, hakuna hadithi itakayoshindana na yake, na lori lile ni lake. Aliliona lori, akaliona vumbi, akajiona juu.

"Hilo sikupewa ruhusa kulisema," alijibu.

"Kumbe hajui," Mseti alisema, na wengine wakacheka.

Miriamu alirudi kwenye dawati lake, uso unamwaka. Mwalimu Selestina alingoja mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilipokaribia. Ndipo akasimama.

"Mseti, umetuchekesha, na sauti unayo. Lakini umetuletea mjomba ambaye hukumuuliza hata neno moja. Nenda kamuulize. Nadhani ana makubwa kuliko hayo ya ndege." Kisha akamtazama Miriamu. "Wewe umetuletea mtu tuliyekuwa tunampita na kumcheka, mimi mwenyewe nikiwemo. Na ulipofika penye siri yake, ukafunga mlango. Mtu wa namna hiyo nitamwamini na hadithi yangu pia. Miriamu ndiye atakayepanda lori."

Wiki hiyo Miriamu hakulala vizuri hata siku moja. Siku ya safari alikuwa wa kwanza kufika. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mbao za lori, na walipoanza kwenda zikaruka na kuwaganda nywelini, wote wakawa kama vikongwe. Waliimba tangu Musoma. Upepo uliwajaa midomoni. Mawe makubwa ya Mara yalipita pembeni, na kando ya barabara Miriamu aliona msichana na ndoo yake amesimama akiwatazama. Alimpungia mkono mpaka akapotea.

Butiama kulikuwa na watu kuliko alivyowahi kuona mahali pamoja. Shule za Bunda zilikuja na ngoma. Wazazi wa vijijini walikaa kwenye nyasi na watoto wao. Miriamu alipoitwa mbele, alifumba macho akakumbuka kengele, na maneno yakaja. Alisema alikuwa anapanda. Alisema samadi. Alisema kengele. Hakusema zaidi.

Makofi hayajaisha, mama mmoja mtu mzima alipenya kati ya watu akaja kwake moja kwa moja. Alikuwa amevaa kitenge kilichopauka.

"We binti. Yule Mama Kengele ulimjulia wapi?"

Miriamu alitaka kujibu, tena kwa fahari. Lakini aliona midomo ya yule mama inatetemeka.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Hebu tukae hapa. Wewe ulimjuaje?"

Yule mama akakaa palepale kwenye nyasi kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa akae. "Mimi naitwa Boke, wa Buswahili. Mwaka mmoja mvua ilinyesha, mto ukajaa, nami nina uchungu. Wakasema hakuna atakayevuka. Halafu nikasikia kriing, ng'ambo ya pili."

"Alivukaje, bibi?"

"Aliibeba baiskeli kichwani. Maji hapa," akaonyesha kifua. "Mwanamke mfupi vile. Aliingia amelowa chepechepe, akasema, 'Boke, usinicheke, leo baiskeli ndiyo imenipanda mimi.' Nikacheka, na mtoto akazaliwa nikiwa nacheka." Akageuka akaita, "Eufrasia, njoo hapa."

Msichana mmoja wa rika la Miriamu akaja mbio. Alikuwa mfupi, mwenye macho ya utundu.

"Huyu ndiye," Bibi Boke alisema. "Na si huyu peke yake. Ukiita Eufrasia kisimani kwetu, wanageuka watoto tele. Wote ni wake. Alipofariki tulimtafuta mumewe tumpe mkono wa pole, akawa ameshaondoka. Tulidhani ametukasirikia sisi, kwamba ndio tuliomchosha mkewe."

Miriamu alimsogelea. "Nikirudi, bibi, unataka nimwambie nini?"

Bibi Boke alifikiri. Kabla hajajibu, yule msichana akamtangulia. "Muulize kama ninaweza kuja kuiona hiyo baiskeli."

Lori lilipowashusha Musoma, Miriamu hakwenda nyumbani kwanza. Jua lilikuwa linaelekea ziwani alipofika barazani akihema, pamba bado nywelini.

"Babu," alisema, akasahau hata kuamkia. "Wako wengi."

"Nani wako wengi? Kaa chini, mtoto. Pumua."

Miriamu akakaa, akamweleza yote: mto, baiskeli kichwani, Bibi Boke, kisima. Mzee Wanzagi alisikiliza tenga likiwa limelala mapajani. Miriamu alipotaja jina la yule msichana, tenga likamwangukia miguuni.

"Wanaitwa jina lake?"

"Ndiyo, babu. Nao walidhani umewakasirikia."

"Mimi niwakasirikie?" Mzee alishika kichwa. "Mimi nilidhani wamemsahau." Kisha yeye, ambaye hakuwahi kumuuliza Miriamu chochote, akaanza kuuliza. "Yukoje huyo binti? Anaongea sana au kidogo? Akicheka anafumba macho? Ni mrefu?"

"Mfupi, babu," Miriamu alisema, akatazama juu ya boriti. "Kile kiti kingemfaa kilivyo."

Mzee Wanzagi akatazama pale juu pia. Machozi yalimteremka mashavuni, naye hakuyafuta.

"Ameuliza kama anaweza kuja kuiona," Miriamu alimaliza.

"Mgonjwa haendewi kwa baiskeli mbovu," mzee alisema, "na mgeni haonyeshwi baiskeli mbovu."

Wakati huo maduka ya Iringo, kule mjini, yalikuwa yameanza kupata vitu tena, kidogo kidogo. Sabuni ilionekana, vitambaa vikaonekana, na siku moja mtaa mzima ulimwona Mzee Wanzagi akirudi kutoka mjini na matairi mawili mapya shingoni, kama mtu aliyevishwa shada. Watoto waliacha mpira wakamfuata. Mseti ndiye aliyepiga pampu mpaka jasho likamtoka, na alipopumzika alikaa chini karibu na mzee.

"Babu," Mseti aliuliza kwa upole, "kwa nini kiti chake kiko chini hivyo?"

Mzee alimtazama Miriamu, Miriamu akatazama pembeni akitabasamu.

"Umesikia, Miriamu? Ugonjwa wako unaambukiza." Kisha akawageukia watoto wote waliojaa barazani, na Mama Miriamu na Mwalimu Selestina waliokuwa wamesimama na akina mama wengine. "Sikilizeni niwaambie. Watu wengi wamesimama hapa wakaniuliza habari za chuma. Huyu binti alikaa chini akaniuliza habari za mtu. Naye alipoona naumia, aliniuliza kama tukomee hapo. Kila mnayempita njiani amebeba kitu ambacho hamkioni. Msimcheke, na msimwendee kama askari na karatasi. Msalimieni, mkae, mtazame, kisha mumuulize kwa moyo mwema, na akisema hili ni langu, mwachieni. Mkiuliza hivyo mtu anaweza kurudishiwa hata kile alichodhani kimezikwa."

Akapitisha mguu wake mrefu juu ya baiskeli. Magoti yalimgonga karibu na kidevu, na watoto wakacheka, lakini kiti hakukipandisha.

"Babu Wanzagi," mmoja akaita kwa mazoea, "utafika Bunda lini?"

"Leo siendi Bunda," mzee alijibu. "Nakwenda Buswahili. Penye mlima nitasukuma."

Akapiga kengele, nao wakampisha njia.